Kura ya Mzee Noel

Jumapili, 25 Septemba

Mapea yamechanua yote. Shamba jeupe mpaka macho yanauma, na nyuki wanavuma hadi ndani ya jiko. Siku kama hii Baba huwa anatembea tu kati ya miti bila kusema kitu, lakini leo ameongea tangu chai ya asubuhi, mpaka Bibi akamwambia ameze kwanza.

Habari yenyewe ni kwamba anagombea. Si kiti cha hapa Kerrabul, hicho kina mwenyewe tangu sijazaliwa. Anagombea Baraza la Juu la jimbo. Huko mkoa wetu wote wa kaskazini, kuanzia mizabibu ya Mildura mpaka kwenye milima ya theluji, unachagua watu watano kwa pamoja. Chama chake kinaitwa Maji Yetu, na wanachama wake wote wanaenea kwenye ukumbi wa mji, wengine wakisimama.

Sababu ni Mfereji wa Tisa. Serikali inataka kununua maji ya mifereji midogo yarudishwe mtoni, halafu mifereji yenyewe ifungwe. Wa Tisa unatunywesha sisi na jirani yetu Mzee Noel Prowse. Ukifungwa, mapea ya babu yetu yanakuwa kuni, na ng'ombe wa Mzee Noel wanakosa majani. Hapo hakuna siasa, ni kuishi au kuhama.

Sheria inataka majina mawili kwenye orodha, kwa hiyo Mama ndiye mgombea wa pili.

"Mimi niliolewa, sikuajiriwa," alisema Mama. Lakini alisaini.

Mimi sikuulizwa. Sishangai. Shuleni wanasema Kiingereza changu kizuri ila hakisikiki, na kwenye darasa la Kialbania msikitini mwalimu anasema hivyohivyo kuhusu Kialbania changu. Nina lugha mbili na mdomo usiotumia hata moja. Kwa hiyo naandika.

Ijumaa, 7 Oktoba

Mvua.

Jumamosi, 8 Oktoba

Mvua. Maua ya mapea yako chini yote kama karatasi zilizochanwa.

Jumatatu, 10 Oktoba

Leo ilikuwa zamu yetu ya maji, na hakuna anayehitaji maji. Hata hivyo Mzee Noel alikuja. Lango letu la maji liko upande wake wa mpaka, liliwekwa huko zamani kabla babu hajanunua shamba, basi kila zamu yetu ikifika yeye ndiye analifungua. Anapiga honi ya pikapu yake mara tatu, kisha anavuka daraja la ubao kuja kunywa kahawa ya Bibi. Hajakosa zamu hata moja. Hata wiki aliyomzika mkewe alipiga honi.

"Leo sijafungua kitu, nimefuata kahawa tu," alisema, akakaa kwenye kiti chake kile kile. Halafu akanigeukia kama kawaida. "Haya, Redio! Kuna habari gani leo?"

Ananiita Redio kwa sababu sisemi. Nilitikisa kichwa.

"Betri imekwisha tena," akamwambia Bibi. Bibi hajui Kiingereza cha utani lakini alicheka, maana huwa anacheka Mzee Noel akicheka.

Ijumaa, 14 Oktoba

Naandika sasa hivi, nikiacha nitasahau jinsi ilivyokuwa.

Mto umevunja tuta asubuhi. Sisi tuko kwenye kilima cha mchanga, kilima kidogo ambacho kabla ya leo sikujua ni kilima. Upande wa Mzee Noel ni bonde. Tuliona maji yanakuja kwenye malisho yake polepole, ya kahawia, bila kelele, kama mtu anayefunika meza kwa kitambaa. Ng'ombe walikuwa wamesimama kwenye maji mpaka magotini wakilia kwa pamoja.

Baba alichukua koleo la kukatia waya, akaenda kwenye uzio wetu na kuukata, sehemu moja, ya pili, ya tatu. Halafu akapanda trekta na kuingia bondeni.

Wakaja. Ng'ombe wa Mzee Noel, wenye matope mpaka masikioni, wakajazana kati ya miti yetu ya mapea, kwenye safu changa ambazo Baba haruhusu hata mimi nipite na baiskeli. Mama na mimi tulisimama na mifagio kuwaelekeza. Walianza kula matawi palepale. Nilimtazama Baba nikitegemea atapiga kelele.

"Acha wale," alisema. "Wametoka msibani."

Mzee Noel alikuja mwisho, amekaa nyuma ya trekta na mbwa wake mapajani. Nyumba yake ilikuwa imeingia maji mpaka usawa wa madirisha. Ng'ombe wengine hawakuwahi, tuliwasikia mpaka wakanyamaza. Bibi alimvika koti la marehemu babu, likamfika kiunoni, na hakuna aliyecheka.

Amekaa jikoni muda mrefu akishika kikombe bila kunywa. Kisha akasema, "Sabri. Baba yangu alipigia chama kimoja maisha yake yote, na mimi pia. Mwaka huu kura yangu ni yako."

"Noel, leo si siku ya kura," alisema Baba.

"Ndiyo siku yenyewe. Mtu anayemkatia mwenzake uzio namjua atafanya nini na maji yangu."

Baba aliondoka, akajifanya anakwenda kuangalia pampu. Pampu ilikuwa haijawashwa.

Jumatano, 19 Oktoba

Mzee Noel analala chumbani kwangu, mimi kwa Bibi. Bibi anakoroma kwa Kialbania.

Jumapili, 30 Oktoba

Maji yameondoka, harufu imebaki. Mto ni mweusi kama chai iliyosahauliwa jikoni, na samaki wakubwa wamekufa kando yake, matumbo juu. Nilipita kwa baiskeli nikakuta mwanamke mwenye buti ndefu anapiga picha. Ni Daktari Philippa Lascelles, ambaye anagombea Baraza la Juu mkoa huu huu kwa chama cha Mito Huru. Ndio hao wanaosema waziwazi kwamba mifereji midogo ifungwe. Nilitaka nimchukie. Alikuwa analia. Hakulia kwa ajili ya picha, maana alidhani yuko peke yake.

Sijamwambia Baba.

Jumapili, 6 Novemba

Leo tumekuwa na mgeni kutoka Melbourne, Damien Sloss. Ana viatu vyeupe. Kuja Kerrabul baada ya mafuriko na viatu vyeupe! Kazi yake ni kuviunganisha vyama vidogo vibadilishane kura. Bibi alikuwa ametoa lakror, ule mkate wake wa tabaka za mboga na jibini, na bwana huyu akauchukua mzima akauweka mbele yake kama ubao wa darasani.

"Viti vitano," alisema, akaukata vipande sita. "Mwenye kujaza kipande kimoja kati ya hivi sita anapata kiti; cha sita huwa kinabaki. Wakubwa watachukua hivi vinne bila jasho. Cha tano hakuna atakayekijaza peke yake. Cha tano kinajazwa na makombo."

Akaanza kukusanya makombo kwa kisu. Bibi aliniuliza kwa Kialbania, "Huyu ana njaa au ana ugonjwa?"

"Karatasi ya Baraza la Juu ni kubwa kama kitambaa cha meza," aliendelea. "Nani ana muda? Watu wanaweka moja juu ya mstari, kwenye kisanduku cha chama, wanakwenda kula soseji. Kuanzia hapo kura si yao. Mgombea wa chini kabisa akitolewa, lundo lake lote linahamia pale chama chake kilipoandika kwenye orodha yake. Kwa hiyo unaandika vizuri. Wewe unawapa Mito Huru namba mbili, wao wanakupa wewe namba mbili."

Baba aliweka kikombe chini. "Mito Huru? Hao ndio wanaotaka kufunga Mfereji wa Tisa!"

"Ndiyo uzuri wake! Hakuna mwingine atakayewataka, kwa hiyo wanakuhitaji. Huku mashambani wana kura chache kuliko wewe. Watatoka kabla yako, unawameza, unakaa kiti cha tano. Ukikataa, Bwana Kadri, utapata asilimia mbili na picha ya kumbukumbu."

Palikuwa na swali moja tu mezani, kubwa kuliko lakror. Na sisi tukitoka kabla yao? Lilikuwa kwenye ulimi wangu, nikalisikia joto lake. Nilimtazama Mama, Mama akatazama dirisha. Nikameza swali pamoja na chai.

Alipoondoka alimuaga Bibi kwa kumwita "Nonna", kama bibi wa Kiitaliano. Bibi alimjibu neno ambalo darasa la msikitini halifundishi.

Jumanne, 8 Novemba

Mtihani wa hisabati. Swali la tatu lilikuwa la uwezekano. Nikacheka peke yangu, msimamizi akanikazia macho.

Ijumaa, 11 Novemba

Mzee Noel amerudi kwake. Sakafu imeng'olewa, analala juu ya mbao, lakini mashine ya kukamulia inafanya kazi. Ng'ombe wametuachia safu nne za mapea bila matawi ya chini. Amebandika bango la Baba kwenye lango lake, kwenye tangi la maziwa, na kwenye mbwa.

Jumapili, 13 Novemba

Nimesema. Andika tarehe, Blerta.

Baba alikuwa kwenye mfereji anatoa tope. Nilikwenda na chupa ya maji, nikasimama mpaka akainua kichwa.

"Baba, umepeleka ile orodha ya kubadilishana kura?"

"Leo ndiyo mwisho. Sloss kapeleka."

"Mito Huru ni wa pili?"

"Ndiyo."

"Na sisi tukitoka kabla yao?"

"Hatutatoka."

"Lakini tukitoka. Mzee Noel akiweka moja kwako, kura yake inakwenda kufunga mfereji wake mwenyewe."

Alichoma koleo kwenye tope, likasimama. Matope yalikuwa yamemkaukia usoni kama ndevu. "Orodha iko wazi kwa kila mtu. Itakuwa kwenye kila kituo, kwenye kitabu, mezani. Sijamficha mtu."

"Hakuna anayesoma kile kitabu, Baba."

"Umekaa kimya miaka kumi na sita, mwanangu, leo ndiyo umeona ufungue mdomo? Dhidi yangu?"

Nikamwachia chupa. Mpaka nafika nyumbani nilikuwa nasikia koleo, chwaa, chwaa, kwa nguvu kuliko tope lilivyohitaji.

Jumatano, 16 Novemba

Upigaji kura wa mapema umeanza mjini. Baba anasimama nje ya kituo kila siku na kofia yake. Anarudi ameungua pua.

Jumapili, 20 Novemba

Darasa la msikitini. Wazee wote wanampa Baba mkono. Mmoja kasema, "Hatimaye jina letu kwenye karatasi ya serikali, na si ya faini." Baba anacheka sana siku hizi, kicheko kinachoanza kabla ya utani kwisha.

Jumamosi, 26 Novemba

Siku ya kura.

Kituo ni shule ya msingi niliyosoma. Wazazi wanauza soseji ndani ya mkate kwenye lango, na pembeni yao Bibi na wenzake wa msikitini wanauza lakror. Foleni ya Bibi ilikuwa ndefu kuliko ya kupiga kura. Kazi yangu ilikuwa kugawa kadi za Baba. Picha yake upande mmoja, upande wa pili mchoro wa karatasi ya kura na mshale: WEKA 1 HAPA, JUU YA MSTARI. BASI.

Sijui nani aliamua kwamba mtu asiyeongea asimame langoni. Nilinyoosha mkono tu. Watu walichukua kwa huruma.

Daktari Lascelles alikuwa upande wa pili wa lango na kadi zake za kijani. Jua lilipopanda aliniletea kofia. "Shingo yako imekuwa nyekundu," alisema. "Usijali, haina maandishi." Halafu akasema, "Mwambie baba yako, mmoja wetu akiingia, mwingine ampe mkono. Mimi nitampa."

Nikasema asante. Nadhani alisikia.

Mzee Noel alikuja amevaa shati jipya lenye mikunjo ya dukani. Alivuka foleni nzima kuja kwangu.

"Redio! Nipe maelekezo, mimi karatasi hii kubwa naiogopa. Mwaka ule mwingine niliikunja nikadhani natandika kitanda."

Nilimpa kadi. Aliiweka mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Kwa hiyo moja, hapa, kwa baba yako. Basi? Inatosha?"

Nafasi ilikuwa ndiyo hiyo. Nilikuwa na maneno yote tayari. Mzee Noel, kuna mstari, chini yake kuna majina ya watu, andika namba moja mpaka tano kwa mkono wako mwenyewe na kura yako itaishia pale unapoishia wewe. Maneno machache tu. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi bafuni, kwa lugha zote mbili.

Nyuma yake, karibu na meza ya Bibi, Baba alikuwa anatutazama.

"Inatosha," nikasema.

Mzee Noel alikodoa macho. "Imesema! Mmesikia? Redio imesema!" Akaingia akicheka. Alitoka haraka, dole gumba juu, akaenda kununua soseji.

Baadaye kidogo Baba naye akaingia kupiga kura yake. Niliweza kumwona kupitia mlango, mgongo wake kwenye kibanda cha kadibodi. Watu waliingia pembeni yake na kutoka. Mama mwenye mtoto aliingia akatoka. Kijana wa duka la matairi aliingia akatoka. Baba alikuwa bado ameinama. Alikuwa ameifungua ile karatasi yote, ncha zake zinaning'inia, na kalamu yake inasogea, inasimama, inatafuta, inasogea.

Kuweka moja juu ya mstari ni kama kupiga chafya. Hakuna anayehitaji muda wote ule isipokuwa mtu anayepiga kura chini ya mstari.

Nilizitazama kadi mkononi mwangu. Mshale. BASI.

Nilienda kukaa nyuma ya meza ya Bibi nikasema tumbo linauma. Ningependa niandike kwamba nilisimama langoni nikawaambia watu. Sikuwaambia. Niliacha tu kugawa. Kadi zilizobaki niliziweka chini ya trei ya lakror, mafuta yakalowesha uso wa Baba kwenye picha.

Tukirudi nyumbani nilikaa naye mbele, Mama na Bibi wakiwa kwenye gari lingine na masufuria.

"Ulikuwa unaandika nini muda wote ule?" nikauliza.

Alitazama barabara. Tukapita mizinga ya nyuki, tukapita uzio wa mtu mwingine wenye nyasi za mafuriko zilizoganda juu ya waya.

"Namba," alisema.

"Ngapi?"

"Tano." Kisha, baada ya kona, "Moja nimempa mama yako. Amestahili."

Karibu nicheke, na hapo ndipo nilipokasirika zaidi.

"Wewe uliiogopa kadi yako mwenyewe," nikasema. "Mimi ulinipa nigawe."

Alipoegesha hakuzima injini mara moja.

Jumapili, 27 Novemba

Wa kwanza wanne wamejulikana, vyama vikubwa, kama bwana Viatu Vyeupe alivyosema. Cha tano bado. Baba ana asilimia mbili na kitu.

Alhamisi, 1 Desemba

Aprikoti za kwanza. Nyingi zimepasuka kwa unyevu.

Jumapili, 4 Desemba

Sloss anapiga simu kila siku. Sasa anasema "inapendeza". Baba anaweka simu kwenye spika jikoni ili Mama asikie. Mimi naosha vyombo kwa nguvu.

Jumatano, 7 Desemba

Mzee Noel amefungua maji, honi tatu, kahawa. Ana sakafu mpya sebuleni na anataka tuje tuitembelee bila viatu.

"Nasikia tunapanda," alisema. "Nimewaambia watu wa kiwanda cha maziwa, kuna mtu mmoja Barazani nimemweka mimi kwa mkono wangu."

Baba alinyanyuka kwenda kuangalia pampu.

Nilidhani namchukia Baba, lakini leo nimeona mikono yake. Anachuma aprikoti kwa kuzishika kwanza kidogo, kama anaziomba ruhusa. Mtu huyo huyo ndiye aliyekata uzio na ndiye aliyesaini. Nimejaribu kuwatenganisha, nimeshindwa.

Jumamosi, 10 Desemba

Joto. Hakuna habari.

Jumatano, 14 Desemba

Tume ya uchaguzi imebonyeza kitufe. Kompyuta inagawa kura za mkoa mzima kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha yai. Tulikuwa tumekaa wote mbele ya skrini jikoni. Wadogo wanatoka mmoja mmoja, na kila anayetoka lundo lake linahamia kwa mwingine. Baba alikuwa anapanda. Anameza hawa, anameza wale, kama Sloss alivyoahidi. Mama alinishika goti. Nakiri, kwa muda huo mfupi nilisahau kila kitu, nikawa nataka tu apande.

Wakabaki yeye na Daktari Lascelles na mtu mmoja wa chama kikubwa, kiti kimoja. Na wa chini kabisa kati ya watatu, kwa tofauti ya kura ambazo wapigaji wake wangeenea kwenye ukumbi wa mji, wengine wakisimama, alikuwa Baba.

Akatolewa. Lundo lake lote likahamia kwa namba mbili. Lascelles akajaza kipande cha tano, na ziada juu.

Bibi aliuliza, "Tumeshinda?" Hakuna aliyemtafsiria.

Baba alitoka nje akakaa kwenye makreti.

Halafu simu ya ukutani ikalia, ile ambayo siku hizi ni Mzee Noel tu anaitumia. Mama alikuwa uani na Baba. Bibi hashiki simu. Ililia mpaka nikaona itang'oka. Nikainua.

"Sabri? Nani? Redio wewe?" Nyuma yake nilisikia mashine ya kukamulia, pf-tk, pf-tk. "Nimesikia kwenye taarifa, baba yako hakupita. Pole sana. Mwambie ajikaze, alikaribia kuliko mtu yeyote kutoka bonde hili. Na mwambie hivi, mimi sijutii. Miaka yote kura zangu nimezitupa kwa watu nisiowajua. Hii haikupotea."

Nilishika waya wa simu nikauzungusha kidoleni mpaka kidole kikawa cheupe.

Ningeweza kusema asante. Angefurahi leo, kesho angesoma gazetini.

"Mzee Noel," nikasema, "haikupotea kweli. Imekwenda kwa Lascelles."

"Nani?"

"Daktari Lascelles, wa Mito Huru. Baba alipotolewa, kura zake zote zilihamia kwake. Walikubaliana hivyo, kila mmoja amweke mwenzake wa pili. Ndizo zilizomwingiza. Uliponiuliza pale langoni kama inatosha, mimi nilikuwa najua."

Pf-tk. Pf-tk. Pf-tk.

"Yule wa kufunga mfereji," alisema.

"Ndiyo."

"Na kura yangu."

"Ndiyo, Mzee Noel."

Nilisubiri anitukane. Ningemshukuru.

"Asante kwa kuniambia, Blerta," alisema, na akakata.

Sikuwahi kumsikia akilitamka jina langu. Sikujua hata kama analijua.

Nilitoka nje nikamwambia Baba, palepale kwenye makreti, mbele ya Mama. Nilitegemea yale maneno ya siku ya tope. Badala yake alivua kofia akaishika magotini.

"Ilikuwa kazi yangu hiyo," alisema. "Yote mawili. Kumwambia wakati ule na kumwambia sasa."

"Mbona hukwenda?"

"Nilikuwa nangoja nishinde kwanza."

Alhamisi, 15 Desemba

Gazeti limeandika. Bango kwenye lango la Mzee Noel halipo. Kwenye tangi halipo. Mbwa sijamwona.

Ijumaa, 16 Desemba

Zamu yetu ya maji. Naandika nikiwa juu ya ukingo wa mfereji, daftari kwenye magoti, kwa hiyo mwandiko ni mbaya.

Niliamka kabla ya wote nikaja hapa, kwa sababu sikutaka kusikia jikoni kama honi isingelia. Nilijiambia akifunga lango sitamlaumu, mapea yakauke tu.

Maji yamekuja, saa ile ile ya siku zote. Kwanza majani makavu yanayosukumwa mbele, kisha povu, kisha maji yenyewe, yakajaa mpaka alama ya babu kwenye zege. Amefungua lango lote, hakupunguza hata kidogo. Honi haikulia.

Yuko pale, upande wake, amesimama kando ya lango na mkono juu ya gurudumu la kulifungulia, amenipa mgongo. Huwa anafungua anaondoka. Leo amebaki analitazama.

Bibi ametengeneza kahawa. Harufu inafika hadi hapa. Ameweka kikombe cha tano kama kawaida, nimemwona dirishani.

Baba ametoka nyumbani. Hana koleo wala kofia. Amenipita bila kuniambia nirudi ndani, akakanyaga daraja la ubao, likalia kama linavyolia, kwa hiyo Mzee Noel lazima amesikia. Amevuka. Amesimama hatua chache nyuma yake.

Amesema kitu. Siwezi kusikia kwa sababu ya maji.

Sasa anasema tena, kirefu zaidi. Mikono yake iko wazi pembeni, kama anavyoishika aprikoti kabla ya kuichuma.

Mzee Noel hajageuka.

Baba hajaondoka.